Mabamba ya Miti ya Pamba, na Moshi Wake

Haya, kaeni vizuri. Huyo mwenye simu aiweke mfukoni, maana mimi siwezi kuzungumza na mtu anayetazama mapaja yake. Mmesema kikundi chenu kimepata mashine ya kutengeneza mabamba ya dari kwa miti ya pamba, na kwamba kuna mtu wa ofisini kawaambia hapa Bariadi yuko bibi aliyeifanya kazi hiyo kabla hamjazaliwa. Amesema kweli. Niliianza enzi za ruksa, soko lilipofunguliwa, nikaiacha mgongo ulipokataa kuinama. Mnataka niwaeleze gundi. Nitawaeleza gundi. Lakini kazi hii ilimuua rafiki yangu Minza, na nusura imuue bibi mwingine kikongwe asiye na kosa lolote, na wala si mashine iliyoua. Kwa hiyo mtasikiliza na hayo, mpende msipende.

Kwanza mikono. Naambiwa mashine yenu ina saa ya kupima unyevu. Vizuri. Siku umeme ukikatika, chukueni konzi ya chenga za miti iliyosagwa, zilizokwisha kuchanganywa na gundi, mzibane kiganjani. Maji yakitoka kati ya vidole, bado. Ukilipeleka bamba hilo kwenye joto, mvuke utatafuta pa kutokea, na bamba litapasuka tumbo kwa mlio wa kuwakimbiza wote. Ukifungua kiganja chenga zikamwagika, zimekauka mno, utatoa biskuti. Zikibaki donge, na donge likavunjika ukiligusa kwa kidole kimoja, hapo sasa weka kwenye mashine. Na mti wa pamba umenyeni ganda kwanza. Ganda lile lina nyuzi, linajizungusha kwenye mashine ya kusagia mpaka mota inalia. Pumba za mpunga zinazotoka upande wa Busega tieni kidogo tu, zinakula visu.

Haya yote alinifundisha Mzee Gamaya, na alinifundisha kwa kunisimanga. Alikuwa fundi mitambo kwenye jineri ya ushirika, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Soko lilipokuwa huria, wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao, pamba ikaenda kwao, jineri ya ushirika ikanyamaza. Wenzake walikaa nyumbani wakingoja iite tena. Yeye alibeba spana zake akasema, "Mashine imekufa, mimi sijafa." Akatafuta jeki za lori bovu na sahani mbili nene za chuma, akaunda mtambo wa kubana mabamba, moto wa pumba unawaka chini yake. Tajiri mmoja wa hapa mjini akauona, akatoa mtaji, akajenga banda karibu na Somanda. Jina la tajiri silitaji, watoto wake wapo na hawana kosa. Lakini yeye mwenyewe nilimchukia, na bado namchukia, amelala huko aliko.

Bamba langu la kwanza lilitoka limevimba katikati. Mzee Gamaya akalizungukazunguka, mikono nyuma. "Mayu," akaniambia, kama anayemwita mama yake, "hiki ni kitu cha dari au ni mkate? Kama ni mkate, kachemshe chai." Wanaume wote wa bandani wakacheka. Sikulala vizuri siku ile, lakini mabamba yangu hayakuvimba tena.

Gundi yetu ya mwanzo ilikuwa uji wa muhogo. Ilikuwa rahisi, na ilishika kweli, ila ilipendwa na kila kiumbe. Tulipeleka sampuli kwa mwenye mgahawa pale Maswa, tukaziegemeza ukutani, tukaingia ndani kusalimiana. Tulipotoka mbuzi alikuwa amekwisha kula kona moja na anaangalia ya pili. Mwenye mgahawa akasema, "Basi angalau naona halina sumu." Akanunua. Baada ya mvua kuisha akatuita kwa hasira. Fukusi walikuwa wameingia darini, wanatafuna muhogo wetu, na vumbi lao linashuka taratibu kwenye vikombe vya wateja. Mteja mmoja alikuwa amelisifu, kadhani ni tangawizi.

Mnacheka. Hata sisi tulicheka. Tajiri hakucheka, maana mabamba yalianza kurudishwa, na ndipo wazo la dawa lilipomwingia. Lakini kabla ya dawa niwaambie kuhusu Minza, vinginevyo hamtaelewa ni nini kilipotea.

Minza alikuwa mjane wa Somanda, ana binti mmoja mdogo, anaishi na mama mkwe wake, Bibi Holo. Aliajiriwa kufagia. Siku moja nikamwona ameinama juu ya bamba langu ambalo halijabanwa, anapanga juu yake yale maganda ya tunda la pamba. Mnayajua, yale yanayobaki mtini mkishachuma, yakikauka yanafunguka pembe nne au tano na yanachoma vidole. Nikataka kumfokea. Mzee Gamaya akanishika bega, akasema, "Mwache. Bana." Tukabana. Tulipofungua, yale maganda yalikuwa yamelala bapa ndani ya bamba, nyota za kahawia juu ya rangi ya asali, zimepangwa mstari ndani ya mstari kama shanga za bibi harusi. Tangu siku ile Minza hakushika ufagio tena. Alikuwa akipanga nyota, vidole vyake vimejaa alama za kuchomwa, anaimba chini kwa chini, na ukimwambia nyota moja imekwenda upande anakutazama mpaka unajionea aibu, kwa sababu haikwenda upande.

Watu walianza kuyaulizia kwa ajili ya nyota zile. Yalikwenda kwenye maduka, kwenye sebule za walimu, na kanisa moja la Nyalikungu likaagiza dari nzima. Wageni wakaanza kusema kwamba sisi tunageuza takataka kuwa mapambo. Nami nilijivuna nikasema hivyohivyo.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mtakapokosea na nyie. Ile haikuwa takataka. Usukumani kwetu miti ya kuni iliisha kabla ya bibi zenu kuzaliwa. Mwanamke asiye na ng'ombe wa kumpa samadi kavu alipikia miti ya pamba, na alikuwa na njia yake ya kuipata. Serikali ilitaka kila shamba ling'olewe miti baada ya mavuno ili funza wasibaki. Kung'oa kunauma mgongo, kwa hiyo mwenye shamba alimwachia mjane au maskini ang'oe, na desturi ilikuwa moja: umemng'olea mtu shamba, miti ni yako. Mwenye shamba anapata shamba safi, mjane anapata kuni za mwaka. Hakuna aliyemwambia mwenzake asante, maana hakuna aliyekuwa anatoa msaada.

Tajiri wetu alipoanza kutuma malori vijijini kununua miti ile, desturi ikafa mwaka uleule. Nani atampa mjane kitu ambacho lori linakilipia? Wenye mashamba waling'oa wenyewe, hata mizizi wakaipakia. Nasi tulikaa bandani tukifurahi kuona rundo linakua hadi linapita paa. Halafu tukaanza kuwaona wanawake getini. Walikuwa wanakuja asubuhi na kamba zao za kufungia mizigo, wanasimama kimya. Mzee Gamaya akatoka akawasalimu Kisukuma, "Mwangaluka, mayu. Mnataka nini?" Mmoja akamjibu, "Mwangaluka, bhabha. Kuni zetu ziko humo ndani."

Aliona haya, mzee wa watu. Nilimwona uso. Tangu hapo kila bamba lilipokatwa kingo, vile vipande vya pembeni, yale mabanzi, hakuyarudisha kwenye moto wa mtambo. Aliyarundika karibu na geti, wanawake wakayachukua. Minza naye akabeba yake kila jioni, akichukua na ya jirani aliyekuwa mgonjwa. Mabanzi yanawaka vizuri kwa sababu yameshindiliwa, yanadumu. Wanawake walimwombea baraka Mzee Gamaya, wakamwita mtu mwenye huruma, na kweli alikuwa nayo.

Ndipo dawa ikaja. Zamani dawa ya pamba ilitoka ushirika, kwenye debe lenye maandishi na bwana shamba wa kukuelekeza. Soko huria likaileta dukani, imemiminwa kwenye chupa za maji, haina jina, muuzaji mwenyewe hajui ni ya nini ila anajua inaua. Tajiri akanunua nyingi. Akaamuru mabamba yote yalowekwe kwenye pipa la dawa kabla ya kukatwa kingo, fukusi wakome. Wakakoma. Hata nzi hawakutua tena bandani kwetu, tukafurahi. Mwe! Watu wazima tunafurahi kwamba nzi wanakufa.

Hapana, msiseme tulikuwa wajinga. Najua mnataka kusema. Mzee Gamaya aliuliza siku ya kwanza kabisa, "Na hawa kina mama wanaochukua mabanzi?" Tukajadiliana, wote, wakulima watupu. Tukasema sisi tunapulizia pamba dawa miaka yote, na miti yake tumeipikia tangu tuzaliwe, nani alikufa? Dawa ikikauka imekufa. Hivyo ndivyo kila mkulima wa hapa alivyojua, na kwa shamba ilikuwa kweli, kwa sababu dawa ya shambani inapigwa na jua na mvua mpaka unavuna. Hatukufikiri kwamba bamba limenywa dawa mpaka moyoni na halijaona jua hata siku moja. Ujuzi wetu wenyewe ndio uliotudanganya. Mtu asiyejua pamba angeogopa.

Mvua zilikuja mapema. Wanawake wakahamisha mafiga ndani, wakafunga milango kuzuia upepo. Minza akaanza kulalamika kichwa. Halafu midomo yake ikawa inachezacheza akiwa kimya, kama mtu anayetaka kusema akaghairi. Siku moja nikalitazama bamba la kanisa la Nyalikungu alilokuwa akilipanga, nikaona nyota imekwenda upande. Nikaona ya pili. Nikamwambia, "Minza, vipi wewe?" Akainua vidole vyake, tukavitazama wote wawili vikitetemeka. Akasema, "Usingizi tu, Mama Shija. Moshi unanikosesha usingizi." Nikamwambia akapumzike kesho yake. Hiyo kesho yake, mvua ikinyesha tangu alfajiri, alijifungia jikoni kuchemsha makande, na makande yanataka moto wa muda mrefu. Binti yake alikuwa kwa jirani. Walimkuta ameanguka karibu na mafiga, anatupa miguu, mapovu mdomoni. Walimbeba kwenye baiskeli hadi hospitali. Daktari aliuliza alichokula, akaambiwa hajala bado. Alikata roho kabla ya adhuhuri. Alikuwa na umri mdogo kuliko nyie mnavyodhani, na alikuwa fundi kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Mtaniuliza tulifanyaje kuhusu fukusi baadaye. Tuliacha uji wa muhogo, ndilo jibu. Mnawafukuza wageni kwa rungu wakati nyie ndio mmewaandalia meza. Nilipokuwa na mtambo wangu mwenyewe nilitumia gundi ya kiwandani kidogo iwezekanavyo, nikachemsha majani ya mwarobaini nikachanganya maji yake, na upande wa nyuma wa bamba nikapaka chokaa. Niliharibu mengi hadi nikapata. Na mabanzi yangu niliyasaga upya, yakarudi ndani ya bamba. Na kila msimu niliacha mashamba yaliyo karibu na wajane bila kuyagusa. Watu walisema sijui biashara. Wacha waseme.

Sasa turudi Somanda, kwenye msiba.

Huku kwetu mnajua. Msiba ukitokea, wanaume wanaketi nje na moto wao, wanawake wanakuja na maji, unga na kuni vichwani, kila mmoja na mzigo wake. Huji mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimeketi ndani kwenye mkeka karibu na Bibi Holo. Alikuwa mdogo, mifupa tu, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya kikongwe yeyote aliyepikia kinyesi cha ng'ombe na miti ya pamba miaka yote. Nyie vijana mmesikia macho mekundu ya kikongwe yalikuwa na maana gani huku kwetu siku zile. Vikongwe waliuawa kwa macho hayo, wakiitwa wachawi. Wengine walikatwa mapanga vitandani kwao, na waliofanya hivyo walikuja kula nyama kwenye msiba.

Kaka yake Minza, Nkwabi, alikuwa amefika kutoka Nyalikungu. Kijana mwenye nguvu, analia kwa hasira, na nyuma yake wameketi wenzake wa sungusungu na marungu yao. Tulimsikia vizuri, ukuta ulikuwa mwembamba.

"Dada yangu hakuugua malaria," alisema. "Hakuugua tumbo. Ameanguka kama kuku. Nani alikuwa naye nyumbani?"

"Mama mkwe," mtu akajibu.

"Alikuwa wapi?"

"Nje, chini ya paa."

"Mvua yote ile, kikongwe anakaa nje?"

Halafu jirani mmoja, mwanamke niliyemheshimu mpaka siku hiyo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na alisema. Alisema mbele yangu kwamba nyumba hii itatoa maiti."

Mkono wa Bibi Holo ulikuwa ndani ya mkono wangu, na nikausikia unakuwa baridi. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua, kwamba msiba ukiisha na watu wakitawanyika, hataishi siku nyingi.

Mzee Gamaya alikuwa miongoni mwa wanaume. Mpaka hapo, aliniambia baadaye, alikuwa na shaka moyoni lakini anaikanya. Nzi waliokufa, vidole vya Minza, alikuwa anaviona na kuvifukuza. Wakati uleule wanawake wa mtaa wakaanza kuingia uani na kuni za msiba. Walikuja mmoja nyuma ya mwingine, na kichwani kwa kila mmoja palikuwa na mzigo wa mabanzi yetu, yamefungwa vizuri kwa kamba, mengine bado yana nusu nyota pembeni. Hawakuwa na kuni nyingine. Yamelowana na mvua, na harufu ya dawa ikatangulia mbele yao.

Nilichungulia mlangoni nikamwona anasimama. Alimwendea mwanamke wa mbele, akautoa mzigo kichwani kwake kwa mikono yake, akautupa matopeni. Akamwendea wa pili. Watu wakaguna. Kuzikataa kuni za msiba ni kumtukana marehemu na aliyezileta.

"Mzee, una nini?" yule mwanamke akauliza. "Nimekukosea?"

"Hujanikosea, mayu. Kuni hizi hazitawaka hapa, wala kwako. Zina sumu. Tumeziloweka dawa kule bandani, na mimi ndiye niliyewapa kwa mkono wangu. Minza ameuawa na moshi wa kuni hizi."

Nkwabi akasimama. "Tangu lini moshi unaua mtu? Mama zetu wamepikia miti ya pamba maisha yao yote."

"Na mimi nilisema maneno hayohayo," Mzee Gamaya akamjibu. "Ndiyo maana dada yako amelala humo ndani."

"Kama ni moshi, mbona huyu kikongwe hajafa?"

"Hakuwa jikoni. Macho yake hayavumilii moshi, alikimbilia nje."

"Au alijua kitakachotokea, akakaa nje angoje." Nkwabi akamsogelea. "Mzee, unamtetea kwa nini? Ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu."

"Basi maneno ni maneno. Mtu anaweza kusema lolote."

Mzee Gamaya akatazama chini. Halafu akageuka akaondoka uani, bila koti, kwenye mvua. Nilidhani amekimbia. Nasema kweli, nilimlaani. Nilijiambia mzee huyu amesema nusu, amemwacha huyu bibi mikononi mwao, afadhali asingesema kabisa. Wanawake walisimama na mizigo yao, hawajui waitue au warudi nayo, na sufuria za msiba zimejazwa maji, hazina moto.

Boma lake halikuwa mbali. Alirudi na nguzo ya zizi begani. Mnajua zizi la zamani, ile miti migumu ya mwiba ambayo mtu anairithi kwa baba yake, inakaa ardhini miaka na miaka haiozi. Aliing'oa kwa mikono, udongo bado umeshika chini. Akaitua karibu na mafiga, akageuka akaenda tena. Alipoleta ya pili wazee wakaanza kusimama. Alipoleta ya tatu mmoja wao akamshika mkono. "Gamaya, unafanya nini? Ng'ombe watalala wapi?"

"Msiba hauna kuni," akasema. "Na kuni ni mimi niliyezimaliza."

Niwaambie maana yake, maana nyie mmekulia kwenye matofali. Mwanamume wa Kisukuma anaweza kusema uongo, yuko kama wanaume wengine. Lakini habomoi zizi lake angali hai na ana ng'ombe. Hilo linafanywa na mtu aliyefilisika au aliyefukuzwa. Na zaidi ya hapo, alikuwa amesimama mbele ya ndugu wa marehemu akasema mimi ndiye, na walikuwa na marungu. Kama walitaka mtu wa kumgeukia, alikuwa amejileta mwenyewe.

Nkwabi alimfuata akaona kwa macho yake zizi limefunguka upande mmoja. Sijui walisemezana nini huko. Waliporudi kila mmoja alikuwa na nguzo begani, na vijana wa sungusungu wakaweka marungu chini wakaenda kuzileta nyingine. Hakumsamehe, msidhani. Hakumpa mkono siku ile wala siku ya maziko. Lakini hakulitaja tena jina la Bibi Holo, na mtu aliyejaribu kulitaja alimtazama mpaka akanyamaza. Mabanzi yote tukayachimbia shimo. Chakula cha msiba wa Minza kilipikwa kwa zizi la Mzee Gamaya.

Tajiri alikuja kwa gari, akatoa rambirambi, akamwita mzee pembeni akamwambia anaharibu jina la bidhaa. Mzee Gamaya hakurudi bandani. Aliuza ng'ombe wake polepole, akawa analima mtama, na mimi nikitaka ushauri namfuata shambani. Ile dari ya Nyalikungu ilimalizwa na mikono mingine. Niliingia kuiona mara moja tu. Unaona kabisa pale Minza alipoishia, kwa sababu nyota zinazofuata zimebandikwa tu.

Matanga yalipoisha tulikwenda, yeye na mimi, kumsalimu Bibi Holo. Tulimkuta ameketi chini ya ukuta, mjukuu wake anamtoa chawa. Mzee Gamaya hakukubali kiti. Alichuchumaa mbele yake kama mtoto, akasema, "Mayu, nimekuja kukuomba radhi. Laiti ningejua mapema. Laiti mtu angetuambia."

Yule bibi akamgeuzia macho yale mekundu. Hakuwa na hasira, na mimi ningependa angekuwa nayo.

"Mimi niliwaambia," alisema. "Nilimwambia Minza, nikawaambia na majirani, kuni hizi za bandani zinawasha macho tofauti, nyumba hii itatoa maiti. Si ndiyo maneno waliyotaka kuniulia? Wewe wamekuamini kwa sababu una zizi la kubomoa. Mimi wote walinisikia, bhabha. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimejuaje."